Mkono wa Bwana Gerulfu

Sura ya Tisa

Ripoti ya mkemia ilikuwa na kurasa tatu, na Inspekta Wanu alizisoma zote kwa mpangilio, tangu nambari ya jalada hadi sahihi ya mwisho, kabla ya kujiruhusu kukasirika. Chupa saba zilizochukuliwa chumbani kwa marehemu Mwalimu Darwesh zilikuwa na dawa alizoandikiwa na daktari wake, basi. Asali ilikuwa asali. Habasoda ilikuwa habasoda. Miezi mitatu ya upelelezi zilikuwa zimekwenda na maji.

Aliyempeleka njia hiyo alikuwa Amjad, mtoto wa kaka yake Mwalimu. Alikuja kituoni kwa miguu yake mwenyewe, kanzu imepigwa pasi hadi inakata, akaweka mezani mswada uliopigwa chapa na kusema kwa sauti ya msiba: "Ami alijua anauliwa, Inspekta. Alishindwa kumtaja mkewe, akajisemea kupitia kitabu. Soma ukurasa wa arubaini na moja."

Kitabu chenyewe kilikuwa maisha ya Bwana Gerulfu, kabaila wa Kifaranki aliyeishi ukingoni mwa Mto Moseli miaka elfu moja na mia mbili iliyopita. Mwalimu Darwesh alikuwa amesomesha historia miaka thelathini na minne; alipostaafu alitumia miaka sita kumwandika mtu huyo kwa Kiswahili, kwa sababu, kama alivyosema katika dibaji, mwanadamu huyajua vizuri zaidi mambo ya jirani zake anapoyaona yametendwa na watu wa mbali. Gerulfu alikuwa na mashamba ya mizabibu, vinu viwili vya kusagia, farasi wa vita, mtoto mmoja wa kiume aitwaye Adalhari kwa mke wa kwanza, na mke wa pili aitwaye Ermentruda. Ukurasa wa arubaini na moja ulisema kwamba Ermentruda alimtilia mumewe sumu ndani ya kikombe cha divai.

Bi Rukaiya, mjane wa Mwalimu, naye alikuwa mke wa pili.

Wanu aliifunga ripoti, akaiweka kando, na kulirudia jalada tangu mwanzo, jinsi mtu anavyofumua mshono uliokwenda kombo. Mwalimu alifariki tarehe ishirini na nne Machi, hakuacha mtoto. Kwa hesabu ya mirathi, robo ya nyumba yake ya Mkunazini ilikuwa ya mjane, na robo tatu zilizobaki zilikuwa za Amjad. Lakini siku ya tatu baada ya hitima Amjad alitoa hati ya hiba, iliyoandikwa tarehe kumi Machi, inayosema kwamba Mwalimu alimpa nyumba yote akiwa hai. Chini yake palikuwa na dole gumba la wino wa zambarau, kwa kuwa mkono wa Mwalimu ulikuwa ukitetemeka na alikuwa hajashika kalamu mwaka mzima. Bi Rukaiya alilalamika kwamba hati ni ya uongo. Wiki hiyo hiyo Amjad akaleta habari ya sumu.

Mambo mawili, mtu mmoja. Wanu aliandika chini ya ukurasa: *Muuaji harithi.* Akapiga mstari. Hati ikisimama, mjane hana kitu. Hati ikianguka, na mjane akaonekana ameua, pia hana kitu. Zilikuwa nyavu mbili zilizotegwa kwa samaki mmoja.

Akatazama kalenda. Eda ya Bi Rukaiya ilikuwa ikimalizika Ijumaa. Leo ilikuwa Jumanne.

*

"Hodi, hodi wenyewe."

"Karibu. Panda juu, mwanangu, lakini shika kamba, ngazi ya tatu imeoza."

Bi Rukaiya alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na dirisha, katika nguo zake za eda, hana pambo hata la sikio. Miezi minne alikuwa hajavuka mlango wa nyumba.

"Shikamoo, Bi Rukaiya."

"Marahaba. Leo umekuja na pingu?"

"Nimekuja na masuala."

"Masuala yenu hayaishi. Mara mnataka chupa, mara mnataka mto wa kulalia. Hata habasoda yangu mmeibeba."

"Itarudi."

"Itarudi kwa nani? Amjad kesha kunambia. Jumamosi anakuja na fundi kubadilisha vitasa. Ati ananipa Ijumaa nzima nifunge mizigo, kwa hisani yake."

Wanu alikaa kwenye kiti kilichokuwa mbele yake, akatoa mswada. "Bi, asili ya kitabu hiki iko wapi? Daftari alizoandika Mwalimu kwa mkono?"

"Alizichukua Amjad ili azipige chapa. Baada ya msiba nikamtaka anirudishie, akasema zimeliwa na mchwa."

"Zote?"

"Mchwa wasomi hao, hawakubakisha ukurasa." Bi Rukaiya alimtazama kidogo, kama anayempima. "Lakini zile ni za juu. Za chini ninazo miye."

"Za chini?"

"Mwalimu hakuandika kitu kimoja, mwanangu. Tangu enzi za mitihani, alikuwa akiandika kwa karatasi ya kaboni. Ya juu ya kupelekwa, ya chini ya kuwekwa. Amjad hajui, kwa sababu Amjad hakuwahi kufagia uvungu wa kitanda cha mtu."

Sanduku la bati lilivutwa kutoka uvunguni. Ndani yake karatasi zilikuwa zimefungwa kumi kumi kwa kamba za viatu, kila fungu na nambari yake. Wanu, ambaye maisha yake ya kazi aliyapitisha katika kupekua majalada yaliyovurugwa, alisita kidogo kwa heshima kabla ya kufungua fungu la tano. Ukurasa wa arubaini na moja ulikuwa mahali pake. Rangi ya kaboni ilikuwa imefifia, lakini mwandiko ulikuwa wa mkono ambao bado ulikuwa haujaanza kutetemeka.

*Gerulfu alikata roho alfajiri, katika siku za mavuno ya zabibu. Kabla watawa hawajaja kumwosha, Adalhari aliingia chumbani peke yake na kufunga mlango. Aliutia mkono wa baba yake kalamu, akauongoza juu ya hati ya ngozi iliyokwisha kuandikwa, mpaka alama ya msalaba ikaonekana. Na mashamba yaliyokuwa fungu la Ermentruda yakawa yake. Mtawa aliyemwosha bwana yule aliuona wino kati ya vidole, akanyamaza, kwa kuwa alidhani kunyamaza ni heshima. Adalhari akamzushia mama wa kambo kwamba amempa babaye sumu. Mjane alinyolewa nywele, akafungiwa katika nyumba ya watawa wa kike, na huko akafa pasina mtu wa kumuuliza.*

Wanu alisoma mara mbili. Mara ya pili aliweka kidole chini ya kila mstari. Sumu ilikuwa imetajwa, lakini kama uzushi. Na mwenye kuzusha alikuwa mrithi.

"Ukurasa huu Amjad aliusoma?"

"Aliusoma mbele yangu, mwezi wa pili. Alikuwa akishamaliza kuchapa anakaa pale kitandani anamsomea ami yake, mzee anasahihisha kwa mdomo. Ulipofika huo akauliza, 'Ami, na huyu hakukamatwa?' Mwalimu akamwambia, 'Hakukamatwa. Mtawa alinyamaza.'" Bi Rukaiya alinyoosha pindo la mkeka. "Akasema, 'Ajabu,' akaendelea kusoma."

Wanu alifungua daftari yake.

"Nieleze asubuhi aliyofariki. Kila kitu kwa zamu yake."

"Amjad alilala hapa usiku ule, kwa sababu hali ilikuwa mbaya. Ilipoadhiniwa alfajiri nikamtawadhisha Mwalimu. Alisali hapo hapo alipolala, kwa macho. Jua lilipochomoza roho ikaenda zake."

"Ulimtawadhisha mikono?"

"Kidole kwa kidole. Sala zote tano, kila siku, tangu alipolala. Nani mwengine wa kumtawadhisha?"

"Vidole vyake vilikuwa na wino?"

"Wino wa nini? Vilikuwa vyeupe kama vya mtoto mchanga."

"Na baada ya kufariki, nani alikaa naye?"

"Amjad alisema, 'Niachieni na ami yangu, nimsomee Yasin.' Akafunga mlango. Mimi nilikuwa jikoni."

"Alimwosha nani?"

"Mzee Msabah, wa Kizimbani."

*

Karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi pande zote mbili za njia, na harufu yake iliingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa. Mzee Msabah alikuwa ameketi kwenye kibao mbele ya banda, akikwangua magome ya mdalasini kwa kisu kifupi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Polisi au bwana shamba?"

"Polisi."

"Afadhali. Bwana shamba huja na fomu."

"Na miye nimekuja na fomu."

"Basi nyote ndugu. Kaa."

Wanu alikaa, akajitambulisha, akasema alilolijia. Uchangamfu wa mzee ulikunjwa kama jamvi.

"Mwalimu Darwesh nilimwosha miye. Alioshwa vyema, akasitiriwa vyema, akazikwa vyema. Zaidi ya hapo sina."

"Mkononi mwake uliona nini?"

Kisu kilisimama katikati ya gome. "Binti, miaka arubaini naosha. Nimeona vidonda, nimeona makovu, nimeona watu wakubwa walivyo wadogo. Mwoshaji ana macho, hana ulimi. Mwenye kumsitiri maiti, Mungu humsitiri."

"Najua, Mzee. Ulifundishwa kusitiri nini?"

"Aibu ya maiti."

"Na aibu aliyotendewa maiti na mtu aliye hai, hiyo ni ya nani?"

Wanu alitoa ukurasa wa kaboni na kuusoma kwa sauti ya kawaida, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka kwenye nywele za mjane zilizonyolewa. Alipomaliza, upande wa pili wa njia mtu alikuwa akizigeuza karafuu kwa upawa, taratibu.

"Huyo mtawa," akasema Mzee Msabah, "jina lake nani?"

"Hakutajwa."

"Hakustahiki." Alikiweka kisu chini. "Haya, andika. Lakini andika kama nisemavyo, usinitie maneno ya serikali."

"Nitaandika kama usemavyo."

"Nilikuwa naosha, Amjad ananimiminia maji. Nilipofika mkono wa kulia nikaona dole gumba lina wino wa zambarau, wa mhuri, umejaa kwenye mistari ya ngozi. Wino ule una mafuta. Maji yakawa yanateleza juu yake. Sasa mwoshaji yeyote atakwambia: kitu kikizuia maji kufika ngozini, josho halijatimia. Iwe nta, iwe rangi ya kucha, iwe nini. Nikataka ndimu. Amjad akasema, 'Basi, Mzee, yatosha, unamchubua.' Nikamwambia mimina maji, kijana. Nikasugua kwa ndimu moja na sabuni, ukatoka wote."

"Hukumuuliza umetoka wapi?"

"Nilimuuliza. Akanambia, 'Ami alikuwa mwalimu, na walimu ni watu wa wino.'" Mzee alifuta mikono yake kwenye kikoi, akaifuta tena. "Nikacheka. Wallahi, binti, nilicheka, na maiti iko mbele yangu. Liandike na hilo."

Wanu aliliandika. Kisha alimsomea maelezo yote tangu mwanzo, na mzee akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, polepole.

Njiani kurudi, Wanu alilipanga shauri lake kichwani. Mtu wa kawaida anayetaka kuficha wino angeufuta kwa kitambaa. Amjad hakufuta. Alitegemea kwamba maiti haina budi kuoshwa, na maji yatamfanyia usafi bila yeye kugusa kitu. Aliyajua maji ya josho. Hakuijua kazi yake, kwamba lazima yafike ngozini.

*

Duka la Amjad lilikuwa Bububu, kando ya barabara kuu. Aliuza milango ya kale kwa wenye mahoteli: mingine bado ilikuwa na misumari yake ya shaba, mingine ilikuwa imeng'olewa pamoja na vipande vya ukuta. Alikuwa akipangusa nakshi kwa mswaki wa meno alipomwona Wanu, na askari wawili nyuma yake.

"Inspekta! Nshajua, majibu ya mkemia yametoka."

"Yametoka. Asali ni asali."

Mswaki ulitua. "Basi alitumia kitu kisichoonekana. Wanawake wa shamba wana mambo yao, dada."

"Tuiache sumu. Nataka kuthibitisha tarehe ya hati. Mwalimu alitia dole lini?"

"Tarehe kumi Machi, baada ya adhuhuri. Mashahidi wapo."

"Mmoja wao, Haroub, kanambia alitia sahihi karatasi tupu. Aliambiwa ni ombi la umeme."

"Haroub mlevi wa kahawa, anasahau hata jina la mamaake." Amjad alitabasamu. "Lakini dole ni la ami, si la Haroub. Mmelipima wenyewe."

"Tumelipima. Ni lake. Mzee Msabah aliukuta wino huo kidoleni siku ya kuosha."

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini macho yalikwenda mlangoni na kurudi. Wanu alimwachia nafasi. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kwamba mwongo mwerevu hatulii mbele ya kimya, hukijaza.

"Naam, ulikuwepo," akasema Amjad. "Sikatai. Wino wa mhuri mgumu, Inspekta, hautoki upesi. Ulibaki tangu tarehe kumi."

"Ulibaki siku kumi na nne."

"Ndivyo."

"Mwalimu alitawadhishwa kabla ya kila sala. Sala tano kwa siku kumi na nne ni mara sabini. Mara sabini mkewe aliosha kidole kile, wino haukutoka, wala yeye hakuuona. Kisha Mzee Msabah akautoa kwa ndimu moja."

Amjad aliuokota mswaki, akaanza kupangusa tena.

Wanu aliweka juu ya mlango uliolazwa kurasa mbili, ya chapa na ya kaboni, zote nambari arubaini na moja, sambamba. "Huu ni wako. Na huu ni wake, ambao mchwa hawakuuona. Kwako Ermentruda ni muuaji. Kwa Mwalimu, Adalhari alifunga mlango akaushika mkono wa maiti. Sasa nieleze, kwa nini mtu abadilishe maisha ya kabaila wa Kifaranki, aliyekwisha kuoza miaka elfu na mia mbili?"

Malori yalipita barabarani. Mmoja wa askari alikohoa. Amjad aliinama juu ya karatasi ya kaboni, akaisoma hadi mwisho, na alipoinua uso Wanu alitarajia kuona aibu. Hakuiona. Aliona uchovu wa mtu anayecheleweshwa na wajinga.

"Robo," akasema Amjad. "Robo moja, na hoteli inataka nyumba nzima. Yule mama atafanya nini na robo? Atalala kwenye robo? Nimemwambia nitampangia chumba, hataki."

"Ndiyo maana ukamwendea ami yako na kibweta cha wino."

"Ami alikuwa ameshakufa!" Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayejitetea vizuri. "Sikumuumiza. Mtu hai ukimshika mkono kwa nguvu, hilo kosa. Yeye mkono ulikuwa hauna kazi tena. Bado una joto, laini, haukunipa taabu hata kidogo."

Askari aliyekohoa aligeuka akatazama barabarani.

"Rudia," akasema Wanu.

"Nini?"

"Hayo uliyosema sasa hivi. Nitakusomea haki zako kwanza, halafu, ukitaka, utarudia neno kwa neno. Nataka yaandikwe vizuri."

Alipomkabidhi kwa askari alijitahidi asimguse, hata kwa mkono wa kumwelekeza garini.

*

Saa kumi alasiri alipanda tena ngazi za Mkunazini, akakaa kwenye kiti kile kile cha asubuhi. Alieleza kwa utaratibu, kama ilivyompasa: hati imezuiwa, Amjad yuko mahabusu, jalada la sumu limefungwa. Robo ilikuwa palepale, na hakuna fundi atakayegusa kitasa bila ya ridhaa yake. Ijumaa ingekuja, eda ingekwisha, na yeye angebaki nyumbani kwake.

Bi Rukaiya alisikiliza mpaka mwisho.

"Alipomaliza, alimfuta?"

"Nani, Bi?"

"Amjad. Alipokwisha kukitumia kidole cha mume wangu, alimfuta?"

"Hakumfuta."

"Alimwacha vile vile, mchafu."

"Ndiyo, Bi."

Chini, kichochoroni, mtu alikuwa akiita wateja wa maandazi. Bi Rukaiya aliikunja mikono yake ndani ya nguo.

"Alitoka chumbani macho mekundu," akasema. "Nikamhurumia. Nikamwona yatima, ami yake ndiye babaake. Nikamkalisha hapo hapo ulipokaa, nikamtilia chai, nikamkatia mkate wa kumimina. Akala vipande viwili. Akaomba cha tatu, nikampa kwa mkono wangu."

Wanu aliinuka kwenye kile kiti.